Mphikeleli Hajafika

Kwa Ngubane, Kranskop
9 Juni 1996

Wifi yangu Nomagugu,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitapata nafasi. Nakuandikia kwa sababu kaka yako hajafika nyumbani, na humu ndani kila mtu anajifanya amefika.

Najua utasema tulimzika, nawe ulikuwepo. Ndiyo, mwili tuliuzika. Lakini Babamkubwa Mzikayise alipokuja huko Johannesburg na tawi la mkunazi mwitu kuichukua roho yake, alikwenda hospitali, kwa kuwa karatasi ilisema amefia hospitali. Akaliambia tawi, "Mphikeleli, twende nyumbani," akalilipia kiti chake kwenye teksi, akalileta hapa, akaliweka mahali pa wazee ndani ya nyumba kubwa. Vizuri. Tukamletea mbuzi ale majani yake, kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Mbuzi akanusa, akageuza uso. Mbuzi, Nomagugu! Mnyama anayekula mpaka shati kwenye kamba! Babamkubwa akasema ameshiba.

Na Mama anamwota. Anamwona mwanawe amesimama mahali penye giza, mikono imejaa grisi, anamwambia, "Mmenipita." Hasemi zaidi. Mama akiamka anakaa mlangoni na fimbo yake, na mtu akithubutu kusema kwamba Mphikeleli amerudi kwao, anamfukuza na fimbo hiyo.

Mimi nimevaa nyeusi na nitaivaa mpaka mwaka uishe. Lakini namwomboleza mtu aliye wapi? Nikipiga magoti pale mahali pa wazee kuzungumza naye, naona nazungumza na ukuta. Inaniuma, wifi. Inaniuma kuliko siku ya maziko.

Wewe unasafisha ghorofa za jengo lile lile alimokuwa akitengeneza lifti. Siku ile ulikuwa huku likizo, najua, ile simu ya dukani tuliipokea pamoja. Lakini sasa umerudi kazini. Waulize wenzako. Alifia wapi?

Mama hajambo, watoto hawajambo.

Wifi yako,
Zibuyile


Berea, Johannesburg
20 Juni 1996

Wifi,

Ndoto na mbuzi asiye na hamu ya kula, hivyo ndivyo vya kunifukuzisha kazi?

Wewe uko huko unachota maji mtoni, unadhani Johannesburg ni mahali pa mtu kusimama katikati ya ukumbi na kuuliza, "Jamani, kaka yangu amefia wapi?" Hapa ukiuliza sana unaambiwa ukaulizie nje, na nje wamejaa watu wanaoitaka ndoo yako na brashi yako. Meneja wetu, Bwana Oosterhof, tangu nirudi ananipita huku anatazama viatu vyake. Nikadhani ni heshima ya msiba. Nikasema, ala, kumbe huyu mzungu ana adabu.

Kwa kuwa umenichokoza, nilimuuliza Dikeledi, yule mama wa Kisotho anayepika chai na kufua vitambaa kule chini kabisa ya jengo. Nikamwambia, "Dikeledi, siku ile ulikuwepo?" Akamwaga sinia zima la chai, akasema ana kizunguzungu. Watu wote wa kule chini wana kizunguzungu mwezi huu. Nikiingia tu, kila mmoja anakumbuka ana kazi ghorofa nyingine.

Basi sikuuliza tena. Karatasi inasema hospitali, Babamkubwa anasema hospitali, nami nasema tuache hivyo. Na usidhani wewe peke yako ndiye unayelia. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako.

Mwambie Mama blanketi lake nitalituma mwisho wa mwezi.

Nomagugu


Kranskop
30 Juni 1996

Nomagugu,

Barua yako nimeisoma mara mbili nihakikishe imetoka kwako. Nomagugu Ngubane, aliyemfokea mchungaji mbele ya watu siku ya harusi yangu kwa kuchelewa, leo anamwogopa mpika chai!

Ndiyo, nachota maji mtoni, ahsante kwa kunikumbusha. Ila kuna mmoja hapa ambaye hachoti tena, naye ni Babamkubwa. Juzi limekuja lori limebeba tanki la maji, kubwa, la kijani, likasimikwa kwenye kona ya nyumba yake. Nikauliza limetoka wapi. Dereva, mtu wa watu, hana habari ya lolote, akanijibu kwa furaha: "Ni zawadi ya Bwana Oosterhof wa Johannesburg, mama, kwa wafiwa." Wafiwa ni nani? Mfiwa ni mimi, na ndoo yangu bado iko kichwani.

Sasa nakuuliza wewe mjuzi wa mambo ya mjini. Mtu akifa mikononi mwa madaktari, meneja wa kazini kwake anatuma tanki la nini? Mbona halikutumwa na daktari? Mbona halikuja kwangu? Na mbona huyo mwenye adabu hawezi kukutazama usoni?

Kama unaogopa, sema unaogopa, nitakuelewa, maana na mimi naogopa. Kazi ni kazi, na watoto wangu wanakula kwa mkono wako sasa. Lakini usiniandikie "tuache hivyo". Hatuachi hivyo. Mtu wa nyumba hii haachwi njiani.

Zibuyile


Kranskop
4 Julai 1996

Binti yangu Nomagugu,

Mimi Mzikayise, kaka wa marehemu baba yako na mkubwa wa nyumba hii, naandika kwa mkono wangu ingawa macho hayanisaidii. Nimesikia kwamba mke wa Mphikeleli anakuandikia maneno. Nataka uyasikie yangu pia.

Nilipofika Johannesburg, Bwana Oosterhof alinipokea kituoni yeye mwenyewe. Nikamwambia nataka kufika mahali mwanangu alipokata roho. Akanitia kwenye gari lake, kiti cha mbele, akanipeleka hospitali, akaniwekea mkono begani, akanionyesha kitanda. Akasema, "Ni hapa, mzee." Akavua kofia. Nimefanya kazi machimboni mpaka kifua kikaharibika, na hakuna mzungu aliyewahi kunivulia kofia. Ungekuwa wewe, ungemwambia ni mwongo?

Tanki ni la ukoo. Anayetaka maji aje achote, sijamkataza mtu, ila apige hodi. Kuhusu mbuzi, mbuzi yule alikuwa mgonjwa. Tumeshamchinja, tumemla, alikuwa mtamu.

Mtoto wa kike hashiki tawi. Fanya kazi yako, tunza mkate wako. Usiniaibishe mbele ya watu walioniheshimu.

Ni mimi Babamkubwa wako,
Mzikayise Ngubane


Berea, Johannesburg
17 Julai 1996

Zibuyile,

Kaa chini kwanza. Kama Mama yuko karibu usimsomee. Au msomee. Sijui, leo sina akili.

Kaka yangu hakufia hospitali. Amefia shimoni, chini kabisa ya shimo la lifti, amelala chali anasafisha mafuta.

Dikeledi alikuja chumbani kwangu Jumapili baada ya kanisa, ana mkate kwapani, na kabla hajakaa akaanza kulia. Akasema hawezi tena kunipikia chai huku ananificha. Akaniambia yote.

Siku ile Mphikeleli aliizima lifti kama inavyotakiwa, akashuka shimoni. Huko juu kuna watu walikuwa wanangoja wageni wao wakubwa, wakapiga simu kulalamika kwamba lifti haiji. Bwana Oosterhof akasema, "Iwasheni, huyo wa chini ataiona inashuka ataondoka." Ataiona! Mtu amelala chini ya chuma, aione kwa macho gani? Wakaiwasha. Ikashuka.

Alikuwa hai bado, wifi. Hili sitakuficha, maana ni lako. Dikeledi alikuwa anafua vitambaa karibu na mlango wa shimo. Alipiga magoti, akazungumza naye kwenye upenyo. Kaka yangu alikuwa anauliza kitu kimoja tu: "Wameizima?" Dikeledi anamjibu, "Wameizima, baba, tulia." Ananyamaza, halafu anauliza tena. Mpaka akawa haulizi.

Ndipo wakamtoa. Gari la wagonjwa hawakuita. Walimfunika turubai, wakampitisha mlango wa takataka, wakamtia kwenye pikapu ya kampuni, wakampeleka hospitali ameshapoa. Oosterhof akawakusanya wafanyakazi wa chini akawaambia, "Alikuwa anapumua tulipomtoa. Atakayesema vingine hana kazi hapa." Kwa sababu mtu akifia kazini, wanakuja wakaguzi wa serikali kuuliza ni nani aliyeamuru lifti iwashwe. Akifia hospitali, haulizwi mtu, ni mapenzi ya Mungu.

Mapenzi ya Mungu! Miaka miwili tu tangu tupange foleni ya kura kwenye jua lile, wewe na mimi na yeye, naye amembeba Mama mgongoni kwa sababu miguu ya Mama ilikuwa imevimba na alikataa kubaki nyumbani. Tukaambiwa nchi sasa ni yetu. Labda nchi. Lifti bado ni ya Oosterhof.

Jana nilikwenda ofisini kwake. Nilikwenda kwa adabu, Zibuyile, nilifunga kitambaa kichwani, nikangoja nikaribishwe. Sikumtajia aliyeamuru wala sikumtajia Dikeledi. Nilimwomba tu nishuke shimoni mara moja na tawi, nimchukue kaka yangu, basi. Akasema, "Kaka yako alifia hospitali." Nikasema naomba tu. Akasema shimo ni mahali pa hatari, sheria za usalama haziruhusu. Usalama! Leo ndiyo ameukumbuka! Halafu akatabasamu. Akasema kama nataka tawi, kuna miti mingi kwenye maegesho, nikate lolote, ila nisiingie nalo kwenye zulia.

Nilitoka. Nilisugua vyoo vya ghorofa nzima mpaka brashi ikakatika mkononi. Woga umeniisha jana ile ile.

Ile barua yangu ya kwanza ichome. Nitumie tawi la nyumbani, la ule mti wa juu ya zizi. Na Babamkubwa mwambieni alichoonyeshwa ni kitanda cha watu.

Wifi yako,
Nomagugu


Kranskop
24 Julai 1996

Wifi yangu,

Mama nimemsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba panga. Nikajua anakwenda kwa Babamkubwa, nikaanza kupiga yowe majirani waje. Kumbe anakwenda kwenye mti. Amelikata tawi kwa mkono wake mwenyewe, miiba imemchana mpaka kiwiko, na hataki nimfute damu.

Mimi sikulia. Nilikwenda mtoni na ndoo, nikasimama pale, nikayatukana maji. Mtu anauliza "wameizima?" mpaka anakufa, na aliyeiwasha anatuma tanki!

Babamkubwa alikuja akasema mtoto wa kike hashiki tawi. Mama akamwambia, "Si alishika mwanamume? Akaenda akatuletea kitanda." Mzee akarudi kwake bila kukaa.

Tawi atakukabidhi mkononi ndugu yangu wa kwa Mbatha, anayeendesha teksi ya Johannesburg. Nimelifunga kwa koti la Mphikeleli la kanisani. Sasa yasikilize maagizo ya Mama, na uyashike.

Ukifika pale pale alipolala, mwite kwa jina lake na kwa jina la sifa la ukoo. Mwambie mnakwenda nyumbani. Kuanzia hapo husemi na mtu yeyote isipokuwa yeye, mpaka umfikishe mahali pa wazee. Usisalimu, usiitike, usijibu, hata ukitukanwa. Ukisema na mtu mwingine, roho inabaki pale pale mlipofikia. Lakini yeye lazima umwambie kila mnapopita. Hapa ni ngazi, hapa ni mlango, hapa tunavuka mto Thukela. Na kila atakayesimama mbele yenu umtajie ni nani, asije akashtuka akarudi nyuma. Nauli yake ulipe kama ya mtu mzima.

Mama anaogopa. Haogopi shimo. Anasema tangu uzaliwe hujawahi kuliacha neno la mtu lipite bila kulijibu. Nimemwapia kwa niaba yako kwamba utaweza. Usinitie aibu, wifi, nakuomba. Umeze hata wakikutukania mama.

Zibuyile


Johannesburg
2 Agosti 1996

Kwa mke wa Mphikeleli,

Dada, hunijui. Mimi ni Dikeledi, mpika chai. Nomagugu ameondoka leo na teksi na hakuniaga, nami najua kwa nini hakuniaga. Lakini nahofia akifika huko hatasimulia vizuri, kwa kuwa yeye hakuziona nyuso za watu. Mimi niliziona. Kwa hiyo naandika, hapa hapa jikoni, na chai yao itangoja.

Kuna fundi mpya wa lifti, kijana wa Kivenda anayeitwa Ratshitanga. Nilipomweleza alichofanyiwa mwenzake aliyemtangulia, aliniuliza tu Nomagugu anataka kushuka lini. Asubuhi hii, watu wote wakiwa wameshaingia kazini, alizima lifti zote mbili, akafunga swichi kwa kufuli lake, akauweka ufunguo mfukoni. Akasimama mbele ya lile sanduku la swichi, kakunja mikono. Akamwambia Nomagugu, "Shuka dada. Hii haiwashwi na mtu."

Akashuka na tawi. Nilikuwa pale pale nilipokuwa siku ile. Nilimsikia anamwita: "Mphikeleli! Mbomvu! Ni mimi Nomagugu. Wameizima. Njoo twende nyumbani." Dada, nilikaa sakafuni.

Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Kanipita kama hanijui. Akaanza kupanda ngazi polepole, tawi kalikumbatia na koti, anazungumza nalo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwongoza mgonjwa: "Hii ni ngazi, inua mguu. Huu ni mlango wa chuma."

Sasa ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa. Lifti hazifanyi kazi, kwa hiyo wapo mawakili, wapo wahasibu, wapo wageni wao, wamebeba mikoba, wanakunja nyuso. Naye Bwana Oosterhof ndiyo anafika kwa ngazi kutoka juu, ametota jasho, tai imekaa begani, anauliza ni nani aliyezima. Akamwona Nomagugu na tawi. Akapaza sauti, "Nomagugu! Nilikwambia nini mimi?"

Nikafunga macho. Namjua wifi yako. Siku nyingine angemjibu mpaka vioo vipasuke.

Hakumtazama. Akainamia tawi, akasema, na Kizulu chake kilisikika mpaka barabarani: "Mphikeleli, hapa ni ukumbini. Usishtuke, watu ni wengi. Wanangoja lifti. Hata siku ile walikuwa wanangoja lifti, ndiyo maana ikawashwa nawe uko chini. Huyu aliyesimama mbele yetu, mwenye tai, ni Bwana Oosterhof. Ndiye aliyesema iwashwe. Halafu akakupitisha mlango wa takataka, akasema umefia hospitali. Leo tunapita mlango wa mbele."

Mwanamke mmoja wakili wa ghorofa ya juu, mweupe, mwenye nywele za mvi, akauliza, "Anasema nini huyu?" Mlinzi anatazama dari. Na mimi, dada, sijui nilitoa wapi ulimi, nikasema kwa Kiingereza, "Mimi nitakwambia anasema nini." Nikatafsiri yote. Sikuacha neno. Pale pa mlango wa takataka nilirudia mara mbili.

Oosterhof akawa mwekundu kama nyanya. Akamfuata Nomagugu, "Nakuuliza wewe! Umeingia kule kwa ruhusa ya nani? Jibu!" Nomagugu akalisogeza tawi bega la pili, akasema, "Mphikeleli, kuna mtu anauliza kitu. Hatuna haja ya kumjibu. Twende, mlango ni huu." Nikatafsiri na hilo. Kuna mtu akacheka, halafu akaona aibu.

Akamwambia, "Umefukuzwa! Unasikia? Huna kazi!" Naye: "Mphikeleli, ametufukuza kazi wote wawili. Hapa kuna vidato viwili, angalia mguu."

Watu wakampisha, dada. Watu wale wenye mikoba. Mmoja akamshikia mlango.

Yule wakili alipanda kwa miguu mpaka ofisini kwake na kupiga simu kwa wakaguzi wa serikali, nami ndiye niliyemwonyesha njia ya ngazi za nyuma. Ratshitanga ametoa jina lake, nami nimetoa langu. Kama nitafukuzwa, na nifukuzwe. Nilimwambia mumeo "tulia" nami sikutulia hata siku moja tangu hapo.

Mfikishie salamu zangu akishafika. Mwambie ni Dikeledi wa mlangoni.

Dikeledi Moloi


Ofisi ya Meneja wa Jengo, Johannesburg
13 Agosti 1996

Kwa familia ya Ngubane,

Tunasikitika kuwajulisha kwamba mfanyakazi wetu wa zamani, Bibi Nomagugu Ngubane, aliingia bila idhini sehemu iliyokatazwa, akasimamisha shughuli za jengo, na kunitukana hadharani mbele ya wapangaji wetu.

Kampuni imekuwa karimu kwa familia yenu wakati wa msiba, na mzee wenu ni shahidi. Kwa moyo huo huo, niko tayari kumrudisha kazini na kuyasahau yaliyotokea, kwa masharti mawili: aniombe radhi kwa matusi yale, na familia ithibitishe kwa maandishi, kabla wakaguzi hawajaanza kazi yao, kwamba marehemu alifia hospitali, kama mzee wenu mwenyewe alivyokubali alipofika kumchukua kwa taratibu zenu.

Natumaini busara itatawala.

D. Oosterhof, Meneja


Kranskop
22 Agosti 1996

Bwana Oosterhof,

Barua yako tumeipata. Imesomwa hapa uani, kwa sauti, mbele ya ukoo wote, na yule mzee wako akiwemo. Anayekuandikia ni mjane. Hujawahi kuniandikia, wala kunitumia salamu, wala kuniuliza jina. Naitwa Zibuyile.

Mume wangu amefika. Nakwambia kwa kuwa ulikuwa na wasiwasi naye. Nomagugu alifika getini midomo imekauka, amempitisha njia nzima, kila mto na kila daraja. Babamkubwa alikuwa amesimama getini na fimbo, kuzuia. Nomagugu akaliambia tawi: "Mphikeleli, huyu ni Babamkubwa. Alikwenda kukuchukua akaonyeshwa kitanda. Ana tanki." Mzee yule akavua kofia akaondoka getini. Alilia huyo, Bwana Oosterhof. Ulimwekea mkono begani mtu mzima aliyefiwa ukamdanganya, na yeye akakuamini kwa sababu ulivua kofia. Hilo peke yake lingetosha.

Mama alimpokea mwanawe mlangoni, akamwambia, "Umechelewa, baba, ingia." Mbuzi alikula majani yote. Mimi nikapiga magoti nikamweleza mume wangu habari za watoto, na safari hii sikuzungumza na ukuta.

Sasa hayo masharti yako. Kuthibitisha kwamba alifia hospitali hatuthibitishi. Babamkubwa mwenyewe anakuja Johannesburg kuwaambia wakaguzi ni nani alimpeleka kwenye kitanda kile, na kwa gari gani. Dikeledi atasema, na fundi atasema. Mimi nitakuja na nguo zangu nyeusi. Mjane mwenye nyeusi hatembei ovyo, lakini Mama amenipa ruhusa, na ruhusa ya Mama inatosha. Tanki lako limelazwa kando ya barabara kuu, tupu. Tuma lori lilichukue kabla watoto hawajalifanya nyumba ya kuchezea.

Kuhusu kuomba radhi, Nomagugu ameniambia nikuandikie kwamba unajisifu. Hakukutukana siku ile. Hakusema nawe hata neno moja, uliza watu wote waliokuwepo. Alikuwa anamwonyesha kaka yake njia ya kutoka, na wewe ulikuwa umesimama njiani.

Zibuyile Ngubane